Gari la siti saba: nikiwa peke yangu halina neno, nikipakia familia linatetemeka mlimani. Shida nini?

Baba Pacha · #1
Wakuu habari zenu.

Nina gari la familia, siti saba, petroli, lita 2.0, silinda nne, gia ni CVT, kilomita 148,000. Kampuni sitaji, maana nikitaja tu mashabiki wataacha tatizo langu waanze kurushiana maneno.

Nikiwa peke yangu linateleza kama maji. Balaa ni siku tukijaa. Watu saba, mabegi nyuma, tunatembea kama saa nzima, tukikuta mlima mrefu linaanza kutetemeka. Usukani umetulia, ila siti inatikisika mpaka mtoto wa mwisho anacheka, anadhani ni mchezo. Nakanyaga mafuta, mshale wa mzunguko unapanda, gari haliendi. Safari iliyopita taa ya injini ilipepesa kama sekunde kumi, halafu ikazima yenyewe. Tukapaki nusu saa, tukawasha, likapanda mlima ule ule kama si lenyewe. Mshale wa joto haukusogea.

Gereji ya kwanza walisema plagi, wakabadilisha zote nne. Halikupona. Gereji ya pili jamaa hakufungua hata boneti, alizunguka nalo dakika tano akaniambia giaboksi imekufa. Nisaidieni kabla sijafanya maamuzi ya hasira.

Mchokozi · #2
Mkuu jibu unalo mwenyewe. Likiwa na wewe zima, likiwa na wakwe linaumwa. Shusha wakwe.

Spana Kumi · #3
Huyo fundi wa pili hajakosea sana. CVT haina gia za meno kama ulizozoea. Ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati, puli zinapanuka na kubana, ndiyo maana husikii ikibadili. Kinachoshika mkanda ni presha ya oili. Oili ikichoka au ikishika joto sana, presha inayumba, mkanda unateleza, unapata hiyo mitetemo. Kompyuta ikiona giaboksi imezidi joto inaibana injini isitoe nguvu yote. Ukipumzika nusu saa inapoa, gari "linapona". Dalili zako zote zimo humo.

Halafu mshale wa joto unaouangalia ni wa maji ya injini. Wa giaboksi magari mengi hayana kabisa. Oili ya giaboksi ilibadilishwa lini?

Fundi Mstaafu · #4
Spana Kumi umeeleza vizuri, ila umeruka taa. Taa ya injini ikiwaka ikatulia, ina mambo mengi. Ikiwa INAPEPESA, injini inamisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka, na inamisi kiasi cha kuunguza kataliti (chujio la moshi kwenye bomba la ekzosi) kwa mafuta mabichi yanayopita bila kuwaka. Hiyo si lugha ya giaboksi.

Na mzunguko kupanda gari likiwa zito mlimani, kwenye CVT ni kawaida. Inaiweka injini pale penye nguvu na kuiacha hapo hapo. Watu wengi wakisikia ule mlio wanadhani mkanda unateleza.

Mimi nasema koili, kile kinachoipa plagi umeme. Koili ikipata moto inachoka, ikipoa inarudi. Kabla ya yote, soma msimbo wa hitilafu. Kupepesa kule kumeacha alama kwenye kompyuta hata kama taa imezima.

Baba Pacha · #5
Asanteni. Oili ya giaboksi haijawahi kubadilishwa. Aliyeniuzia alisema kitabu kimeandika ni oili ya maisha.

Mchokozi · #6
Maisha ya nani? Ya gari au ya aliyekuuzia?

Spana Kumi · #7
Hapo #5 ndipo kesi yangu ilipo. Kilomita 148,000 na oili ya kiwandani. Mimi yangu nabadili kila 60,000, na kwa wenye kupakia mzigo hata 40,000 siyo mapema. Angalizo kwa wote: usikubali fundi akumiminie ile oili nyekundu ya giaboksi ya kawaida kwenye CVT. Haishiki mkanda inavyotakiwa. Oili yake ni maalumu, na kipimo kinaangaliwa ikiwa kwenye nyuzi joto zilizotajwa na kitabu, siyo ya baridi, siyo ya kuchemka.

Tone la Mwisho · #8
Ngoja niwaharibie sherehe wote wawili. Pampu ya mafuta.

Ukiwa mwenyewe injini inakunywa kidogo, pampu iliyochoka inatosheleza. Ukijaza watu ukakanyaga mlimani, injini inataka mafuta mengi, pampu haifikishi. Pampu nyingi zinakaa ndani ya tenki na mafuta ndiyo yanayoipoza. Mwenye tabia ya kutembea na taa ya mafuta ikiwaka anaipika taratibu. Ikipumzika nusu saa inapoa, inapiga kazi tena. Baba Pacha, siku hiyo tenki lilikuwa na kiasi gani?

Baba Pacha · #9
Tone la Mwisho, umenishika. Lilikuwa chini ya robo.

Mhesabu · #10
Kabla ya kufungua chochote tupige hesabu. Watu saba wa kilo 70 ni kilo 490, mabegi tuseme 60, jumla 550. Gari tupu kama kilo 1,600. Umeongeza theluthi ya uzito wa gari halafu unataka lipande mlima kama jana yake. Sisemi halina ugonjwa, nasema sehemu ya "kukosa nguvu" ni haki yake.

Umeongeza upepo kwenye tairi? Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Magari mengi ya aina hii yana vipimo viwili, cha gari tupu na cha gari lililojaa, na cha nyuma ndicho kinachopanda zaidi. Tairi laini na mzigo juu, siti zitatetemeka tu.

Dada Mkuu · #11
Mhesabu, dereva alikuwemo tangu mwanzo hata akiwa peke yake. Walioongezeka ni sita. 420 na 60 ni 480. Na wanne kati yao ni watoto kama sikosei, hawafiki 70 hata ukiwapima na viatu.

Mhesabu · #12
Nimekubali. Wino mwekundu nimeuona.

Kijiti · #13
Natoa kisa changu. Gari kama hilo, siti nane, lilikuwa linakosa nguvu safari ndefu tu. Nikabadili plagi, nikabadili filta ya hewa, nikasafisha throto. Wapi! Siku moja nimesimama pembeni nasikia harufu kama kitambaa kinaungua. Nikachukua chupa ya maji ya kunywa, nikadondoshea matone kwenye ringi moja moja. Tatu yalitiririka chini. Ya nyuma kushoto, tsss, yalichemka yakapotea kabla hayajafika chini.

Zile pini ambazo kalipa (kibanio cha breki) inatelezea zilikuwa zimeshika kutu. Breki ilikuwa inabana kilomita zote, haiachii. Nikiwa mjini sioni, maana nasimama simama. Pini zilisuguliwa, zikapakwa grisi ya breki, mipira mipya, basi. Na oili ya breki tulibadili siku hiyo hiyo kwa sababu ilikuwa nyeusi. Oili hiyo inavuta unyevu. DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia 230, ikishanywa maji inaweza kushuka mpaka 155. Ukiwa na watoto nyuma unateremka mlima, hizo nyuzi 75 zina maana.

Baba Pacha, gusa ringi zako ukifika. Kwa mgongo wa mkono, usishike.

Fundi Mstaafu · #14
Kisa kizuri, na huo mtihani wa matone ufanyeni kwenye ringi, siyo kwenye diski ya moto, itapinda. Lakini breki kubana haipepesishi taa ya injini. Narudi kwenye koili.

Mzee Gazeti · #15
Nje ya mada kidogo. Haya magari ya familia yalianzishwa na Wafaransa, Renault Espace, 1984. Kabla ya hapo familia kubwa ilikuwa inapanda basi.

Dada Mkuu · #16
Mzee Gazeti, Wamarekani waliwatangulia kidogo. Dodge Caravan na Plymouth Voyager za Chrysler zilianza kutoka mwishoni mwa 1983 kama modeli za 1984. Na ukitaka kwenda mbali zaidi, Fiat 600 Multipla ya 1956 ilikuwa na toleo la kubeba watu sita kwenye kigari cha mita tatu na nusu, injini ya cc 633 imekaa nyuma.

Mchokozi · #17
Watu sita kwa cc 633 na mlimani walikuwa wanafika. Baba Pacha ana 2,000 analia.

Kijiti · #18
Walikuwa wanafika wakisukuma.

Sarufi Safi · #19
Nasoma gereji zenu zote kimya kimya, lakini naomba: ni "gari langu", siyo "gari yangu". Mwanzisha uzi ameandika vizuri, wengine mjirekebishe.

Spana Kumi · #20
Hakuna aliyeandika "gari yangu" humu. Nimepitia tangu #1.

Sarufi Safi · #21
Natoa tahadhari mapema.

Baba Pacha · #22
Nimerudi na habari. Nimepata kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani. Misimbo miwili: P0303 na P0300. Kwenye kumbukumbu ya wakati tatizo lilipotokea: mzunguko 3,400, mwendo kilomita 62 kwa saa, mzigo wa injini asilimia 91, joto la maji nyuzi 93. Kuna na ile namba ya kusahihisha mafuta, inasoma +14. Msimbo wa giaboksi hakuna.

Fundi Mstaafu · #23
P0303 ni silinda ya tatu inamisi. P0300 ni kumisi kwa jumla, bila kushika silinda moja. Chukua koili ya tatu ipeleke ya kwanza, ya kwanza ilete ya tatu. Usibadili kingine CHOCHOTE. Safiri na mzigo. Msimbo ukija P0301, koili ndiyo mwizi. Ukibaki P0303, koili haina kosa. Kazi ya dakika kumi, spana ya 10 tu.

Tone la Mwisho · #24
Na hiyo +14? Kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 14 maana inaona hewa imezidi. Pampu yangu haijafa kwenye kesi hii. Na P0300 inasema si silinda moja tu.

Fundi Mstaafu · #25
Silinda ikimisi, hewa haijaungua inatoka nayo. Sensa ya ekzosi inaona oksijeni, inapiga kelele "mafuta kidogo". Kumisi kwenyewe kunaweza kuzaa hiyo +14.

Tone la Mwisho · #26
Kunaweza. Na mafuta kidogo kunaweza kuzaa kumisi. Yai na kuku.

Mkuu, isome hiyo namba gari likiwa na wewe peke yako, halimisi, barabara tambarare. Ikiwa karibu na sifuri, mzee ana hoja. Ikiwa juu hata hapo, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, kisha kapime presha ya pampu injini ikiwa na mzigo. Usiipime gari limesimama linaunguruma tu ukaridhika.

Spana Kumi · #27
Mnashangilia mapema. Hivyo vifaa vidogo vingi vinasoma kompyuta ya injini tu. Giaboksi ina kompyuta yake, unaweza kuwa na misimbo mitano humo na kifaa chako kikakuambia hakuna kitu. Tafuta mashine kubwa.

Moshi Mweupe · #28
Hakuna aliyetaja kataliti kuziba. Kama limekuwa likimisi muda mrefu, kataliti imeyeyuka ndani. Injini inashindwa kutoa pumzi, na unaliona pale unapoikanyaga tu. Kwa hiyo hata ukitibu koili, bado mlimani litagoma.

Kifaa hicho cha kuchomeka ni cha magari yote duniani tangu 1996, ulichelewa wapi kukinunua?

Dada Mkuu · #29
1996 ni Marekani. Ulaya ilikuwa lazima kwa petroli mpya kuanzia 2001, dizeli baadaye. Kwingine inategemea gari lilitengenezwa kwa ajili ya soko gani. Tundu linaweza kuwepo, lina matobo yake 16, na bado kompyuta isizungumze na kifaa chako.

Mama Watatu · #30
Samahani kwa kuingilia, na mimi nina la siti nane. Mlango wa pembeni wa umeme unafika katikati, unalia ti-ti-ti, unarudi ulikotoka. Fundi umeme anasema mota. Kuna aliyepitia hili?

Kijiti · #31
Mama Watatu usinunue mota kwanza. Mlango huo ukihisi kizuizi unarudi wenyewe, umewekewa hivyo usimbane mtoto. Zima swichi ya umeme wa mlango, uvute kwa mkono. Ukikwama pale pale katikati, tatizo ni reli au roli. Ukiteleza vizuri mwanzo hadi mwisho, ndipo uanze kuwaza mota, waya au betri. Betri ikiwa chini ya volti 12.4 injini ikiwa imezimwa, milango hiyo inaanza vituko.

Baba Pacha · #32
Wakuu, nimefungua kuhamisha koili kama #23. Nimekuta jambo. Shimo la plagi ya tatu lina oili. Siyo unyevu, ni oili, plagi imesimama ndani yake kama kijiti kwenye kibatari. Mpira wa koili umevimba, ukiubonyeza ni laini kama gundi. Kwenye kauri ya plagi kuna mstari mweusi mwembamba, kama nywele, umeshuka kutoka juu mpaka kwenye chuma. Hizo plagi zina miezi miwili tu.

Fundi Mstaafu · #33
Huo mstari ndio njia ya umeme. Badala ya kuruka kwenye ncha ndani ya silinda, umeme umejipatia njia ya mkato nje. Injini ikiwa na mzigo, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, cheche inapata shida kuruka, inachagua njia nyepesi. Ndiyo maana ukiwa peke yako huoni.

Oili inatoka gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kwenye zile pete za mashimo ya plagi. Gereji ya kwanza waliiona. Haiwezekani ubadili plagi nne usione oili shimoni.

Mchokozi · #34
Waliiona wakadhani ni sehemu ya sevisi.

Spana Kumi · #35
Mzee hapo nakupa heshima. Lakini oili ya giaboksi bado ni ya tangu kiwandani. Gari linaweza kuwa na magonjwa mawili.

Baba Pacha · #36
Wiki mbili baadaye. Naombeni msinigombeze.

Nimebadili gasketi ya tapeti kava na zile pete, koili ya tatu mpya, plagi ya tatu mpya. Fundi alivyokuwa chini nikamwambia abadili na oili ya CVT. Ilitoka ya kahawia nzito, ina harufu ya kuungua, na sumaku za ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) zilikuwa na vumbi la chuma kama masizi. Halafu dada yangu akaniletea dawa, nikasafisha sensa ya hewa. Tenki nikajaza. Tairi upepo wa mzigo kamili, kama kibandiko.

Jumamosi tumesafiri watu saba. Mlima wote, halikutetemeka.

Spana Kumi · #37
Oili ya CVT. Nilisema #3.

Tone la Mwisho · #38
Tenki limejaa, sensa safi. Sina la kuongeza.

Mhesabu · #39
Upepo wa tairi jamani, mbona mnaupita kama hamuuoni.

Fundi Mstaafu · #40
Baba Pacha, niliandika CHOCHOTE kwa herufi kubwa. Umebadili mambo saba kwa mpigo, sasa nani aseme kilichoponya ni kipi? Rudisha koili ya zamani siku moja, pakia watu, panda mlima. Likitetemeka tumejua.

Baba Pacha · #41
Mzee nimelipeleka ombi lako kwa mama pacha. Amesema gari hili si maabara, na ile koili ameshaitupa.

Ile namba ya mafuta nikiwa peke yangu tambarare inasoma +7. Ilikuwa +14.

Tone la Mwisho · #42
+7 siyo sifuri.

Moshi Mweupe · #43
Na kataliti hamjaipima. Subirini.

Mama Watatu · #44
Kijiti asante, nimevuta kwa mkono, umekwama pale pale. Nikamulika tochi kwenye reli ya chini. Kibanio cha nywele cha binti yangu, kimebanwa kama sandwichi, na penseli nusu. Mlango wa kushoto sasa unafunga. Wa kulia umeanza.

Mchokozi · #45
Binti ana vibanio vingapi?